Radhi Usimwombe Bwana Pembe

Mbaraka,

Salamu utazikuta mwishoni. Nikizitanguliza sasa zitakuwa za uongo, maana hasira bado haijaniisha, na mkono huu ulioshika kalamu umeuona mwenyewe mchana ulivyorusha mwiko. Tuanze na ugomvi wetu kwanza, salamu zingoje.

Umekwenda kuaga majirani, na afadhali umekwenda. Ungebaki hapa tungeanza tena, mimi napiga kelele, wewe unatazama chini na kusema "ndiyo mama, ndiyo mama" huku moyoni umeshaamua lako. Nakujua. Kwa hiyo nimekaa mlangoni na taa ya mawese inayonitia moshi machoni, naandika kwa herufi alizonifundisha babu yako, ambazo na wewe alikufundisha kwa fimbo. Barua hii nitaiweka juu ya kanzu yako. Uisome asubuhi kabla hujaenda ghalani kwa Bwana Pembe kuchukua cheti chako. Kabla, Mbaraka, si baada. Ukiisoma ndani ya mashua, Rumonge imeshabaki nyuma, basi nimeharibu wino bure.

Sikuandikii ule nini wala ulale wapi. Una akili ya kujua mvua na jua. Nakuandikia juu ya yule jogoo.

Mchana umeingia ndani naye kwapani kama bwana harusi. Umetoka Magara kumuaga kaka yangu Athumani, naye akakupa jogoo, na pamoja na jogoo akakupa na maneno. Eti umpelekee Bwana Pembe. Eti ukae chini barazani pake, umwambie, bwana wangu, kama nimekukosea unisamehe, ndipo upokee cheti. "Mjomba anasema mtu haondoki kwa bwana wake kama mbuzi aliyekata kamba," ukaniambia, na ukacheka. Nikakuuliza, na wewe ulimjibu nini? Ukasema, "Nimemjibu ndiyo. Si iko desturi yetu, mama?"

Hapo ndipo mwiko uliporuka. Umeondoka bila kula, na chakula chako wamekila watoto wa jirani, wala sikuwazuia.

Sasa nisikilize. Wewe unajua vizuri kuliko mimi cheti hicho kina kazi gani. Wenye kazi ya reli huko Kigoma wamesema, mtu aje na cheti cha bwana wake wa mwisho, chenye sifa zake na muhuri. Asiye nacho hawamtazami hata usoni. Na si kutotazamwa tu. Mtu aliyeacha kazi bila cheti anaitwa mtoro, na mtoro askari humrudisha amefungwa kamba. Umepakua mawese ya Bwana Pembe tangu ndevu hazijaota. Umechemsha, umechuja, umebeba, umeungua mkono wa kushoto mpaka leo kidole hakikunjiki. Cheti hicho ni haki yako. Halafu unataka kwenda kukitia motoni kwa mdomo wako mwenyewe, na jogoo juu!

Unajua watu wanasema nini juu yangu. Hujawahi kuniuliza, lakini unajua. Wanasema mama yake Mbaraka alifukuzwa kambini kwa wizi wa sukari. Siku ile ulipopigana sokoni na mtoto wa muuza samaki wa ndagala, ukarudi jino limelegea, nilijua mlipigania nini. Nilikuosha damu nikanyamaza. Nimenyamaza miaka yote hiyo kwa sababu kila nilipofungua mdomo kumweleza mjomba wako alinikatiza: "Dada, hukuomba radhi vizuri. Ungeomba vizuri angekupa cheti. Hakuna binadamu anayekataa radhi." Yampaye inka, kama wanavyoapa Warundi! Huyo kaka yangu amezaliwa na kichwa cha jiwe, na Mungu anisamehe, ndiye mkubwa wangu. Leo sinyamazi.

Niliomba radhi vizuri mno. Hilo ndilo lililoniponza.

Ulikuwa mdogo wakati ule, ukikaa Magara kwa mjomba, baba yako ameshakwenda na msafara wa Tabora na hakurudi. Malale yalikuwa yanaua watu pwani yote hii. Wazungu wakajenga kambi ya wagonjwa upande wa Kigwena, wakamleta daktari mmoja ambaye watu walimwita Bwana Shingo, maana kazi yake ilikuwa kushika watu shingo kutafuta tezi. Akitokea njiani, wanawake walikuwa wanajifunika kanga mpaka masikioni. Alitaka mwanamke wa kutunza wanawake wagonjwa, kuwaogesha, kuwapikia uji, kuwashika wakati wa sindano. Nikaenda. Nilihitaji kazi, na sikuogopa.

Sikuogopa hata kidogo, na nilifanya kazi ile kwa moyo wote. Wako waliokuwa wakilala na kijiko mdomoni, nawaamsha wameze. Wako waliokuwa wanapiga, wanauma, usiku wanataka kutoka waingie ziwani. Mmoja, mama wa Kirundi wa kutoka milimani, alikuwa hali mpaka nimwimbie, nami Kirundi changu cha sokoni unakijua. Nikamwimbia bei za mihogo. Akacheka, akala. Bwana Shingo aliona yote hayo. Si mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa haongei, mwenye haraka, Kiswahili chake cha "lete" na "toka", na mengine yote alisemewa na karani wake.

Huyo karani mkumbuke, nitamrudia.

Ikafika siku ya kuondoka. Hospitali ya Usumbura ilikuwa inataka wanawake wa kazi ile ile, na mshahara ulikuwa wa kutuwezesha mimi na wewe kukaa nyumba moja. Sharti lao moja tu, cheti. Bwana Shingo mwenyewe alikubali. Aliniambia kwa mdomo wa karani kwamba ataandika maneno mazuri, na asubuhi ile nilikiona mezani pake, kimeandikwa, muhuri uko pembeni, wino bado haujakauka. Kilichobaki ni kunyoosha mkono nikichukue.

Mimi nikafanya nini? Nikafanya kama nilivyolelewa. Nilikuwa nimevaa kaniki safi, nimechukua kuku jike na ndizi. Nikavua viatu, nikakaa chini barazani. Nikasema yale tunayosema sote, yale uliyoyasikia tangu tumboni: "Bwana, tumekaa pamoja, tumekula pamoja. Kama nimekukosea kwa kujua au kwa kutojua, unisamehe. Na mimi nimekusamehe."

Karani akatafsiri. Na alitafsiri sawa, sikudanganyi, hakuongeza wala hakupunguza.

Bwana Shingo aliweka kalamu chini. Akaniangalia kama mtu aliyesikia kitu kikivunjika jikoni. Kwanza aliloliona ni lile la mwisho, kwamba mimi, mwogesha wagonjwa, nimemsamehe yeye. Uso ukawa mwekundu. "Umenisamehe nini?" Kisha akarudi kwenye lile la kwanza, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Akauliza, "Umekosa nini?"

Mbaraka, wewe ungemjibuje? Mtu akikuuliza katikati ya radhi umekosa nini, unaweza kumwambia sikukosa kitu? Huo si ufedhuli? Kwetu anayeomba radhi hajitetei. Anainamisha kichwa, anasema binadamu hakosi kukosa, na mwenziwe anamjibu tumesameheana, basi, watu wanashikana mikono wanakula ndizi. Mimi nilikuwa nangoja hilo. Nikamjibu kwa adabu, "Bwana, binadamu hakosi kukosa."

"Umechukua nini?" akasema.

"Sijui, bwana. Huenda ipo."

"Sukari?"

Na mimi, mjinga mimi, mwenye adabu zangu, nilifikiri anataka tu mahali pa kuegemeza msamaha wake. Nilifikiri nikikataa nitakuwa nimemvunjia heshima mbele ya watu. Nikakumbuka pia kwamba siku mgonjwa aliponiomba nilitia sukari ya ziada kwenye uji wake. Nikasema, "Huenda hata sukari, bwana. Unisamehe."

Basi. Sukari ikaniandama mpaka leo.

Alimwita askari. Wakafungua mzigo wangu pale pale kwenye mchanga, mbele ya wagonjwa niliowaogesha. Wakakuta kitana, tasbihi ya babu yako, kaniki kuukuu, kichupa cha mawese ya kupaka, na kikanzu chako kidogo nilichokuwa nalala nacho. Sukari haikuwepo, wala sabuni, wala dawa, hata kijiko. Nikafikiri sasa ataona haya. Hakuona haya! Alisema mtu haombi msamaha bure. Akakichukua kile cheti mezani, akakipasua, akasema nishukuru sikufungwa. Yule mama wa Kirundi niliyekuwa namwimbia alijitahidi kusimama, akaniambia "Genda amahoro," yaani nenda kwa amani, na hakuna mwingine pale aliyefungua mdomo.

Sasa turudi kwa karani.

Alikuwa Mswahili kama mimi na wewe. Alikuwa mtu wa pwani, wa baharini huko, anasali, anavaa kofia nyeupe siku ya Ijumaa, na uji wangu alikuwa anakunywa kila asubuhi bila kusema asante. Desturi ile aliijua kuliko mimi, kwao ndiko ilikotoka. Alikuwa amesimama kati ya yule bwana na mimi, na lugha zote mbili zimo kinywani mwake. Neno moja tu lilitosha. "Bwana, hivi ndivyo watu wetu wanavyoagana. Hajaiba." Hata mtoto angeweza kulisema. Yeye akatafsiri kila swali na kila jibu, sawa sawa, na macho kayapeleka juu kwenye majani ya paa, kana kwamba kuna mjusi anamvutia.

Bwana Shingo hakujua. Mtu asiyejua unaweza kumkasirikia leo, kesho ukachoka. Lakini huyu alijua! Nikimfikiria mpaka sasa natamani mwiko mwingine.

Tena alinifuata. Nilikuwa nimeshafika kwenye michikichi, nalia kwa hasira, namsikia nyuma anahema. Akanishika mkono akasema, "Dada, nisamehe. Na mimi nategemea cheti changu kwake." Umeona? Akaniomba radhi! Alijua vizuri namna ya kuiomba, hakukaa kimya hapo, hakutazama juu. Nikamwambia, sikusamehe. Akasema, "Dada, hapana, sema umenisamehe, njia ni ndefu." Nikamwambia njia ni yangu, na sikusamehe, hapa wala kesho kwa Mungu. Nikamwacha amesimama. Sijamsamehe hadi leo, na usije ukaniambia mambo ya moyo safi. Moyo wangu safi. Huyo hayumo tu.

Usumbura walinifukuza mlangoni. Nikarudi kwa miguu kando ya ziwa lote, na kazi niliyoipata ilikuwa ya kufyeka vichaka vya pwani pamoja na walioletwa kwa nguvu, kuua mbung'o wanaoleta malale, panga mkononi toka asubuhi. Mikono hii unayosema ni migumu kama ya mwanamume ndiyo ile iliyokuwa inashika wagonjwa. Ulibaki Magara kwa mjomba mwaka hadi mwaka, ukakua unamwita yeye kwanza ukiota ndoto mbaya. Hiyo ndiyo gharama ya kukosa cheti kile. Sukari naweza kuicheka, lakini hilo sijaweza kulicheka.

Najua utakavyonijibu. Utasema Bwana Pembe si Bwana Shingo. Ulishaniambia mchana: "Bwana Pembe iko mtu mzuri, mama, alinipa koti." Koti! Lililotoboka kwapani, alilokuwa anataka kulitupa! Hata hivyo sawa, tuseme ni mtu mzuri. Bwana Shingo naye alikuwa mzuri mpaka dakika ile nilipokaa chini. Na Bwana Pembe anakuhitaji ghalani, hapendi uondoke, amekwambia mara ngapi ungoje mpaka msimu uishe? Mtu asiyetaka uondoke usimpe sababu ya kukuzuia. Wewe unampelekea sababu hiyo na manyoya yake.

Utasema pia, kwa sababu mjomba ameshakutia hofu, kwamba ukiondoka bila radhi njia itafungwa. Niambie, radhi ni ya nani? Radhi ni ya watu wanaoweza kuirudisha. Mimi nikikuomba radhi, na wewe utaniomba, tunakuwa sawa, hakuna aliyebaki juu. Bwana Pembe atakuomba wewe radhi? Kwa kidole chako hicho? Siku ulipoungua alisema nini? Aliuliza mawese yamemwagika kiasi gani. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu.

Kwa hiyo kesho fanya hivi, na unitii mara hii moja kisha huko Kigoma ufanye utakavyo. Nenda mikono mitupu. Usikae chini, simama. Mwambie, "Bwana, kazi yangu imekwisha, nimekuja kuchukua cheti changu." Sema changu. Kisha nyamaza. Utajisikia mkavu, utaona haya, ulimi utakuwasha kutaka kuongeza neno tamu kidogo, maana tumekulea hivyo. Uache uwashe. Akikuuliza kama kuna kosa ulilofanya, sema hapana. Usiseme huenda, wala labda, wala binadamu hakosi. Hapana. Umsubiri apige muhuri mbele ya macho yako, upokee kwa mkono wa kulia, useme asante, utoke. Kumshukuru sikukatazi, asante haijawahi kumfunga mtu.

Na lingine, kisha nimalize maana taa inafifia. Wewe unasoma, unaandika, unasikia Kirundi, na kile Kidachi cha Bwana Pembe umeshaanza kukiokota. Huko unakokwenda hutabeba mizigo muda mrefu. Watakuweka katikati. Utakuwa karani, au msemaji wa bwana fulani, utavaa viatu vya kizungu. Siku moja atakuja mtu, pengine mwanamke mwenye kuku, atakaa chini na kusema maneno yale tunayosema sote. Na bwana wako atauliza, umechukua nini? Siku hiyo usitazame paa, Mbaraka. Fungua mdomo wako. Kama utapoteza cheti chako kwa neno hilo, rudi nyumbani bila cheti, nitakupokea na ngoma. Lakini ukitazama paa, basi usirudi kuniomba mimi chochote, nami nasema haya nikiwa na akili zangu zote.

Sasa habari ya jogoo. Asubuhi ukiamka usimtafute bandani. Nimempelekea mzee Saidi amchinje, yumo chunguni, nimemtia mawese na pilipili kama unavyopenda, na yote ni ya safari yako. Mjomba wako akija juu, mwambie aje kwangu, mwiko ninao.

Ukishakipata cheti, usiende moja kwa moja ufukweni. Wenye mashua watakungoja, nimeshawaambia, na wananiogopa. Pitia hapa. Vua viatu, ukae chini mkekani, hapo ndipo pa kukaa chini. Niombe mimi radhi, kwa maneno yote, kwa kujua na kwa kutojua, usipunguze hata moja. Na mimi nitakaa chini mbele yako nikuombe wewe, kwa mwiko wa leo, na kwa usiku wote ule ulioita jina la mjomba badala ya langu.

Hizi sasa ndizo salamu zako, mwanangu, zimepoa, unaweza kuzishika. Nitakuambia nimekusamehe, wala sitakuuliza umechukua nini.

Mama yako